Pangaboi jipya linayumba namba 3 tu, namba 5 limetulia: kosa liko kwenye kulabu au kwenye mapanga?

#1 Mwanga_wa_Jioni
Wakuu, salaam. Pangaboi la inchi 56, mapanga 3, bomba la sentimita 30. Limefungwa wiki hii kwenye dari ya jipsamu, juu yake kuna kenchi za mbao. Namba 1 na 2 limetulia. Namba 3 linayumba mpaka kikombe cha juu kinachofunika kulabu kinagonga jipsamu. Namba 4 linapungua, namba 5 limetulia kama halipo. Regulata (swichi ya kasi) ni ya kuzungusha. Aliyefunga anasema litazoea lenyewe. Je, kosa ni la kulabu, la mapanga au la umeme? Na kulala chini yake ni salama?

#2 Kenchi_Imara
Usilale chini yake hadi ujue kulabu imeshika nini. Mengine yote yanasubiri hilo.

Dari ya jipsamu haina uwezo wa kubeba pangaboi. Zile mbao za 2 kwa 2 zinazoshikilia ubao wa jipsamu zimewekwa zibebe ubao tu. Pangaboi la inchi 56 lina kilo 4 hadi 6, na uzito huo hautulii, unazunguka na kutikisa usiku kucha. Inayotakiwa ni mbao ya 2 kwa 4 iliyolazwa kutoka kenchi moja hadi nyingine, imesimama kwa ubavu wake mwembamba, ncha zote mbili zimefungwa kwa bolti au skrubu ndefu zilizopita ubavuni mwa kenchi. Msumari uliopigwa kutoka chini kwenda juu haufai, kwa sababu mzigo unauvuta kule kule ulikoingilia, na mtikisiko unauchomoa kidogo kidogo.

Kulabu yenyewe ipite mbao nzima, itokee juu, iwekewe kipande cha bati nene au washa pana (kipete bapa cha chuma), nati, kisha nati ya pili ya kuibana ya kwanza. Kulabu ya kuskrubu ndani ya mbao, hata kama imeingia sentimita 5, inategemea meno ya skrubu na unyevu wa mbao. Mbao mbichi ikikauka, tundu linalegea.

Panda darini na tochi, uangalie, urudi na jibu.

#3 Bisibisi_Nyota
Mkuu #2 umesema vizuri kuhusu usalama, lakini dalili aliyoitoa ni ya mapanga. Kulabu mbovu ingeyumba namba zote, tena namba 5 zaidi. Kinachoyumba namba moja na kutulia nyingine ni panga lisilolingana na wenzake.

Pima hivi. Zima umeme. Chukua rula ndefu au kipande cha ubao, kisimamishe wima kikigusa dari, sehemu moja tu, usiihamishe. Zungusha mapanga kwa mkono, kila ncha ikifika hapo weka alama kwenye ubao. Andika A, B, C kwa penseli juu ya mapanga ili usichanganye. Tofauti ikizidi milimita 3, umempata mchawi.

Pia fungua kila panga uangalie kama mkono wake wa chuma umekaa bapa juu ya mota. Mara nyingi chembe ya rangi iliyoganda au washa iliyowekwa upande usiotakiwa inainua upande mmoja. Hapo ukikaza skrubu kwa nguvu unazidi kuupinda mkono.

#4 Laivu_na_Nyutro
Kabla hajapanda popote: zima kwenye meinswichi au breka ya mkondo huo, usiishie kwenye swichi ya ukutani. Nyumba nyingi swichi imefungwa ikikata nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya unaoleta umeme). Ukizima, pangaboi linasimama, lakini waya ulioko juu bado una umeme kamili, na wewe uko kwenye ngazi ukiwa umeshika bomba la chuma.

Testa ya bisibisi yenye taa ndogo isikupe moyo. Inaweza kuwaka kwa udhaifu kwenye waya uliokatwa kwa sababu tu umelala sambamba na waya wenye umeme, na inaweza isiwake kabisa ukiwa umesimama kwenye ngazi ya mbao na viatu vikavu. Tumia multimita: pima kwanza soketi unayojua ina umeme, pima nyaya za pangaboi, kisha rudi kwenye soketi. Hatua ya tatu ndiyo watu wanairuka, nayo ndiyo inayokuambia kifaa hakikufa katikati.

#5 Mwanga_wa_Jioni
Asanteni. Nimepanda. Kulabu ni ya kuskrubu, imeingia kwenye 2 kwa 2. Ubavuni mwa mbao kuna ufa mwembamba unaofuata nyuzi, urefu wa kama kidole.

#6 Kenchi_Imara
Lishushe leo. Ufa unaofuata nyuzi maana yake tundu lilitobolewa dogo kuliko kulabu au halikutobolewa kabisa, kulabu ikaipasua mbao kama kabari. Huo ufa hauzibiki kwa gundi wala kwa waya wa kufunga.

#7 Pembe_Tatu
Nafikiri mmesahau mwendo wa bembea. Kitu kinachoning'inia kina mwendo wake wa asili. Mzunguko wa mapanga ukilingana na mwendo huo, kinayumba sana, ukiupita, kinatulia. Namba 3 ndipo vinapokutana. Akibadilisha urefu wa bomba tatizo linakwisha.

#8 Hesabu_Kwanza
Kaka #7, wazo ni zuri lakini namba zinakataa. Bembea ya sentimita 40, yaani kutoka kulabu hadi katikati ya mota, inakwenda na kurudi kama mara 47 kwa dakika. Pangaboi la inchi 56 kwa kasi ya juu linazunguka karibu mara 300 kwa dakika, namba 3 tuseme 200. Viko mbali sana. Huo mwendo wa mara 47 pangaboi huupita likiwa ndiyo kwanza linaanza, ndiyo maana mengi hupepesuka kidogo yakiwashwa kisha yakanyooka.

Upande wa mapanga nako kuna hesabu. Panga moja likizidi wenzake gramu 20, na uzito huo uko sentimita 40 kutoka katikati, kwa mizunguko 300 linavuta kwa nguvu kama ya uzito wa gramu 800, na mvuto huo unazunguka pande zote mara 5 kila sekunde. Kwa mizunguko 200 unashuka chini ya nusu. Kwa hiyo Bisibisi_Nyota anatakiwa aeleze kwa nini namba 5, yenye mvuto mkubwa zaidi, ndiyo imetulia.

#9 Pembe_Tatu
Nimekubali hesabu ya bembea. Ila sasa tumejua kulabu iko kwenye 2 kwa 2 yenye ufa. Mbao nyembamba inanepa kama springi, na springi nayo ina mwendo wake, wa haraka kuliko bembea. Huo unaweza kabisa kuwa kwenye mara 200. Basi kosa ni la mbao, mapanga yanaliamsha tu.

#10 Bisibisi_Nyota
Na mapanga yakiwa sawa hakuna cha kuiamsha. Tunarudi pale pale.

#11 Koili_Shaba
Hakuna aliyegusa regulata. Mkuu mwanzisha uzi, ukiizungusha inalia "tak" kila namba, au inateleza bila kugota? Inayogota ina kapasita ndani, inapunguza umeme kwa hatua na mota haipigi kelele. Inayoteleza inakata mawimbi ya umeme vipande vipande, na katikati, karibu na namba 3, ndipo mota inapounguruma zaidi. Mtikisiko unaweza kuanzia hapo.

Kuna kosa jingine linalofanana: kufunga kipunguza mwanga cha taa mahali pa regulata. Mota inapata joto na kipunguza mwanga kinaungua. Na mapangaboi ya kisasa ya rimoti, yenye sumaku na yanayokula wati 28 hadi 35 badala ya wati 75 hivi, hayafungwi na regulata kabisa. Yana ubongo wake ndani, ukimpa umeme uliokatwakatwa anakufa.

#12 Laivu_na_Nyutro
Koili_Shaba, kuunguruma nakubali. Kuyumba hapana. Regulata inayokata mawimbi inatikisa mota mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa herzi 50. Masikio yanausikia mtikisiko huo, bomba haliyumbi kwa sababu yake. Kuyumba anakoeleza ni kwa mara 3 au 4 kwa sekunde.

Jaribio rahisi: mpe umeme wa moja kwa moja bila regulata, halafu lizime likiwa kasi kamili. Likipita kasi ya namba 3 wakati linapunguza mwendo lenyewe, likayumba pale pale bila umeme wowote, regulata imeondoka kwenye kesi.

#13 Koili_Shaba
Jaribio hilo nalipenda. Afanye mwishoni, baada ya kuhamisha kulabu.

#14 Ngazi_Mbili
Wenye slabu ya zege wanaosoma uzi huu wasijione wamepona. Kulabu bora ni nondo ya milimita 10 au 12 iliyopindwa na kufungwa kwenye nondo za slabu kabla zege halijamwagwa. Kama haipo, unatoboa na kuweka bolti ya chuma ya kutanuka, milimita 10, ndani ya zege zima kina kisichopungua sentimita 6. Vumbi la tundu lipulizwe litoke lote kabla ya bolti kuingia, maana vumbi linafanya bolti izunguke bila kutanuka, na anayekaza anadhani imekamata. Plagi za plastiki zinafaa kwa fremu ya picha ukutani. Juu ya kichwa zinabeba mzigo unaozivuta moja kwa moja kutoka tunduni, tena unaotikisika.

Slabu za matofali yenye uwazi ndani ni habari tofauti: tafuta mbavu ya zege kati ya tofali na tofali, usitoboe kwenye tofali lenyewe.

#15 Sebule_Pana
Kulabu mpya unaijaribuje? Kuna wanaoning'inia wenyewe kwa mikono na kujirusha.

#16 Kenchi_Imara
Kujirusha hapana. Kilo 70 zinazoruka zinaweza kuharibu kulabu iliyokuwa nzima, na unaondoka hujui kama umeilegeza. Tundika ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ni kilo 20, mara nne ya pangaboi. Iache saa moja. Kabla ya hapo chora mstari wa penseli mahali kulabu inapoingia, baada ya saa moja uangalie kama mstari umesogea hata unywele. Isukume ndoo polepole izunguke duara dogo, usikilize juu kama kuna mlio wa mbao.

#17 Mwanga_wa_Jioni
Nimelishusha. Urefu kutoka sakafu hadi dari ni mita 2.7. Ncha za mapanga zilikuwa sentimita 41.2, 41.3 na 42.1 kutoka dari. Regulata inagota.

#18 Bisibisi_Nyota
Milimita 9 kati ya A na C! Hapo sina la kuongeza.

#19 Hesabu_Kwanza
Ongeza moja: panga lililoshuka na panga lililozidi uzito ni makosa mawili. Lililoshuka linakata hewa kwa pembe nyingine, linasukuma zaidi au pungufu. Apime na uzito pia, mizani ya jikoni ya gramu inatosha, panga moja moja pamoja na mkono wake. Mapanga huuzwa kwa seti iliyolinganishwa kiwandani. Likipinda moja unabadilisha yote matatu, huazimi la pangaboi jingine hata kama ni rangi na kampuni ile ile.

Na kulabu iliyoinama kwenye mbao yenye ufa haitoi tofauti ya ncha kwa vipimo vyako, kwa sababu ulipima sehemu moja ya dari huku ukizungusha. Kwa hiyo milimita 9 ni za panga C peke yake.

#20 Kenchi_Imara
Si lazima. Kama kulabu inacheza, kila anapozungusha kwa mkono mota inahama kidogo na vipimo vinahama nayo. Arudie kupima likiwa kwenye kulabu mpya.

#21 Ngazi_Mbili
Mmeona urefu? Mita 2.7 toa sentimita 42, mapanga yako mita 2.28 kutoka sakafuni. Yako chini mno.

#22 Sebule_Pana
Maelekezo mengi yanasema mita 2.1 inatosha.

#23 Ngazi_Mbili
Mita 2.1 ni futi 7, kipimo cha Marekani. Kiwango cha kimataifa cha feni, IEC 60335-2-80, kinataka mapanga yawe zaidi ya mita 2.3 kutoka sakafuni. Mtu mrefu akinyoosha mikono kuvua shati anafika mita 2.2 bila shida. Ncha ya panga la inchi 56 kwa mizunguko 300 inakwenda mita 22 kwa sekunde, karibu kilomita 80 kwa saa.

Na kipimo kinaanzia mtu anaposimama. Chumba chenye kitanda cha ghorofa, au mtoto anayerukaruka kitandani, sakafu yako ni godoro.

Anunue bomba la sentimita 20. Mapanga yatakuwa kama sentimita 32 chini ya dari, mita 2.38 kutoka sakafuni. Asilisogeze zaidi ya hapo: likikaribia dari chini ya sentimita 20 linanyimwa hewa ya kuvuta, linazunguka na upepo haufiki. Ukutani liachiwe angalau sentimita 50 kutoka ncha.

#24 Mwanga_wa_Jioni
Hili bomba la sasa siwezi kulikata kwa msumeno?

#25 Kenchi_Imara
Usikate. Matundu ya bolti na pini yametobolewa kiwandani yakiwa katikati kabisa ya bomba. Ukitoboa mwenyewe na tundu likaenda pembeni milimita 1, pangaboi linaning'inia limeinama. Na ukingo wa msumeno ndani ya bomba unakwangua ganda la waya kila linapotikisika, mpaka shaba inagusa chuma.

#26 Laivu_na_Nyutro
Hapo kwenye waya tukae kidogo. Waya ndani ya bomba uwe mzima, usiwe na kiungo. Viungo vyote viwe kwenye konekta ndani ya kikombe cha juu, skrubu ikibana shaba yenyewe na si ganda. Acha mzunguko wa waya uliolegea wa sentimita 10 hivi juu ya kulabu. Waya haubebi uzito hata kidogo. Ukiona umenyooka kama uzi wa gitaa, fungua uanze upya.

Laivu ipite swichini, kisha regulata, kisha pangaboi. Nyutro iende moja kwa moja. Ethi ifungwe kwenye skrubu yake juu ya bomba au kwenye shakili (chuma kinachoshika kulabu). Wengi wanauacha ule waya wa kijani na njano ukining'inia kwa sababu "pangaboi linazunguka tu bila huo". Linazunguka, ndiyo. Siku koili ikigusa chuma, mota na bomba vyote vinakuwa na umeme, na wa kwanza kujua ni anayepanda kufuta vumbi.

Rangi nazo zisomwe kwa tahadhari. Kahawia ni laivu na bluu ni nyutro kwenye mfumo wa sasa. Kwenye nyaya za zamani za mtindo wa Kiingereza nyekundu ni laivu na nyeusi ni nyutro. Kwenye mtindo wa Marekani nyeusi ni laivu. Waya mweusi peke yake haukuambii kitu, pima. Waya wa milimita 1.5 za mraba na breka ya ampea 6 au 10 unatosha kabisa. Pangaboi la wati 75 kwa volti 230 linakula theluthi moja ya ampea.

#27 Koili_Shaba
Naongeza mpangilio wa kazi, maana hapa ndipo watu wanaumia migongo. Chini sakafuni: pitisha waya kwenye bomba, funga bomba kwenye mota, bolti iingie, washa ya springi, nati, halafu pini ya kupasua. Miguu miwili ya pini ipindwe kila mmoja upande wake. Pini iliyoingizwa ikaachwa imenyooka inatoka yenyewe ndani ya miezi. Kaza na ile skrubu ndogo ya ubavuni.

Vikombe vyote viwili viingie kwenye bomba kabla ya kupandisha. Kisha watu wawili, ngazi mbili. Pandisha mota bila mapanga, tundika kwenye kulabu mpira wake ukiwa mahali pake, funga bolti ya juu na pini yake. Hapo mikono imepumzika ndipo unganisha nyaya. Washa sekunde chache usikilize mota peke yake. Zima tena kwenye breka, funga mapanga mwisho, skrubu zote kwa kupokezana, nusu kila moja kwanza.

Kikombe cha juu kiache nafasi ya milimita 3 hivi kutoka dari. Kile kinachogonga jipsamu kwa mwanzisha uzi kinaweza kuwa kimebanwa juu sana.

#28 Sebule_Pana
Swali la pembeni wakuu: langu linazunguka vizuri ila upepo hauji. Mota nzima.

#29 Bisibisi_Nyota
Simama chini yake: ukingo wa panga ulioinuka ndio uongoze mbele. Kama ulioshuka ndio unaoongoza, linazunguka kinyume. Kuzunguka kinyume kunatokana na waya wa kapasita kuhamishiwa koili nyingine.

#30 Koili_Shaba
Au mwendo ni mdogo na macho hayaoni. Kapasita ya pangaboi nyingi ni maikrofaradi 2.5, nyingine 3.15. Ikishuka hadi 1.8 linazunguka kivivu na linahitaji kusukumwa kwa mkono ili lianze. Pima kwa multimita, au badilisha yenye namba ile ile. Usiweke kubwa zaidi ukidhani utapata kasi, koili inapata joto na kuungua.

#31 Hesabu_Kwanza
Angalia na volti. Nguvu ya mota hii inafuata volti mara volti. Umeme ukishuka kutoka 230 hadi 180, nguvu inabaki asilimia 61. Jioni majirani wote wakiwasha, pangaboi linachoka bila kuwa bovu.

#32 Mwanga_wa_Jioni
Mrejesho. 2 kwa 4 imelazwa, kulabu imepita mpaka juu na nati mbili, ndoo imekaa saa moja, mstari haujasogea. Bomba la sentimita 20. Mapanga ni yale yale ya zamani, C bado limeshuka: 31.4, 31.4, 32.2. Namba 3 linayumba kidogo sana, kikombe hakigongi tena. Nilipolizima kutoka kasi kamili lilipepesuka likipita ile kasi ya katikati.

#33 Pembe_Tatu
Mapanga ni yale yale na kuyumba kumepungua. Mbao hiyo.

#34 Bisibisi_Nyota
Kumepungua, hakujaisha, na kilichobaki ni panga C. Fungua mkono wa C, usafishe mahali mkono unapokaa, urudishe upime. Likigoma, badilisha nafasi ya B na C bila kugusa A, uone kama kuyumba kunabadilika.

#35 Hesabu_Kwanza
Umebadilisha mbao na bomba kwa siku moja, hatutajua ni kipi. Bomba fupi nalo lina ugumu wake. Uzito wa mapanga umepima?

#36 Mwanga_wa_Jioni
A gramu 412, B 415, C 413.

#37 Hesabu_Kwanza
Basi uzito hauna kosa. Ni pembe ya C.

#38 Kenchi_Imara
Pembe ya C mshughulikie. Mimi naomba jambo moja: baada ya wiki mbili panda tena, breka ikiwa imezimwa, ukaze skrubu za mapanga na uangalie nati mbili za juu na miguu ya pini. Mbao mpya hunywea, na washa huzama kidogo kwenye mbao hata kama ulikaza mpaka mwisho.